Nilipoteza Hesabu Kacyiru

Katika harusi za Kigali hufika wakati ambapo hata watoto hunyamaza. Wazee wa pande mbili wamemaliza kutaniana, posa imekubaliwa, ng'ombe wa mahari ametajwa. Hapo husimama mwanamume mwenye fimbo akaanza kughani amazina y'inka, majina ya ng'ombe. Kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Kacyiru nilikuwa nimeketi karibu na mghani kama huyo, nikaanza kuhesabu mizani kwa vidole chini ya meza kama tulivyofundishwa shuleni. Nilitafuta nane za utenzi. Mshororo wa kwanza ulinipa hesabu moja, wa pili nyingine, na sikio langu lilikataa kabisa kusema kwamba yule bwana amekosea.

Hakukosea. Nilikuwa nimekuja na kipimo cha watu wengine. Kinyarwanda kina irabu fupi na irabu ndefu, ingawa maandishi ya kawaida hayazitofautishi: gutaka ya irabu fupi ni kupiga mayowe, ya irabu ndefu ni kupamba. Mtungaji, ambaye kwao huitwa umwisi, hupima urefu huo. Irabu ndefu inakula nafasi ya fupi mbili. Kwa hiyo mishororo miwili yenye idadi tofauti ya silabi inaweza kuwa na uzito uleule. Vidole vyangu vilihesabu silabi, yeye alikuwa anapima muda.

Na anapima huku anatunga mafumbo. Ng'ombe wanaosifiwa ni hasa inyambo, wale wa pembe ndefu waliokuwa fahari ya wafalme, wakivishwa shanga kwenye paji la uso. Ukisikiliza bila kuambiwa utadhani ni habari za vita: ng'ombe ni shujaa, pembe zake ni silaha, kundi zima ni jeshi. Sifa haisemwi kwa maelezo marefu, hufungwa ndani ya jina. Kiambishi kidogo ru- kikiwekwa mbele ya kitenzi, kitenzi kinageuka mtu wa kuheshimiwa. Ndivyo linavyopatikana neno rudasumbwa, asiyepitwa. Mghani hulundika majina ya namna hiyo, jina juu ya jina, mpaka mnyama mwenyewe anatoweka na kubaki kishindo chake.

Wafini nao walikuwa na mazoea ya kulundika. Elias Lönnrot, daktari wa wilaya, alitembea vijijini akikusanya nyimbo, akazipanga kuwa utenzi wa Kalevala mwaka 1835, kisha akaipanua mwaka 1849. Mshororo wake una mizani nane kama utenzi wetu, na unaofuata mara nyingi hurudia wazo lilelile kwa maneno mengine. Ndani yake mhunzi Ilmarinen anafua Sampo, kinu kinachosaga unga, chumvi na fedha; kinagombaniwa mpaka kinavunjika na kuzama baharini. Mzee Väinämöinen naye anatengeneza kinanda cha nyuzi, kantele, kwa taya la samaki. Jan Knappert aliitia kazi hiyo katika Kiswahili. Nilipoijua Sampo niliielewa upesi, kwa sababu nilikwishamwona ng'ombe wa Rwanda: kitu kimoja kilichobebeshwa tumaini la watu wote. Hata kusalimiana, Wanyarwanda hutakiana makundi ya ng'ombe: amashyo, na mwenzako anajibu amashongore.

Rwanda ilimpata Lönnrot wake kwa Padri Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912. Aliwaendea waghani wa mashairi wa baraza la mfalme na kuandika waliyoyahifadhi kichwani. Lakini mimi humpenda zaidi kwa utani wake. Mwaka 1949 alitoa Indyohesha-birayi, kikolezo cha viazi, utungo ambamo fahari yote ya ushairi wa ikulu anapewa nguruwe. Huwezi kuchekesha kwa mizani usiyoimudu. Vilevile alitumia mtindo wa wachungaji kuimba habari za Muumba, na hapo hakuna aliyecheka.

Kwa anayetaka kusoma, maktaba ya umma ya Kigali iko hukohuko Kacyiru, tangu 2012. Ila ushairi huu macho hayautoshi, maana karatasi imeficha zile irabu ndefu. Ukialikwa harusi Kigali, fimbo ikiinuliwa usiende kupanga foleni ya chakula. Kaa, weka vidole chini, usikilize.