Mafundi wa Mwanga wa Kitengela

Mwaka 1658 msanii Rembrandt alichora kwenye bamba la shaba mwanamke akiosha miguu kijitoni, akauachia weupe wa karatasi kazi ya kubeba mwanga. Huku Kajiado, Kenya, mafundi wa vioo wa Kitengela huutafuta mwanga huohuo kwa moto.

Malighafi yao ni vioo vilivyotupwa: chupa tupu, vipande vya madirisha. Huyeyushwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Fundi huchota donge kwa bomba refu la chuma, hupuliza, huku akilizungusha bila kukoma. Akisita kidogo, linalegea na kwenda upande. Hulilainisha kwa magazeti yaliyoloweshwa maji, yakifuka mvuke kiganjani mwake. Donge likishakuwa bilauri, hupozwa polepole kwenye tanuri jingine, la sivyo hupasuka.

Mnywaji akiiinua juani huona viputo na maji yanayong'aa. Haoni aliyesimama mbele ya moto kutwa nzima. Ukiinunua, usiombe upunguziwe bei: jasho la fundi bado halijalipwa lote.