Kutafakari kwa Njia ya Simu: Uhakiki wa Kichungaji

Tulipokuwa Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapoachana na ile iendayo Masasi, mwinjilisti mmoja alitujia baada ya ibada akiwa na swali ambalo hatukuwa tumejiandaa kulijibu. Alikuwa amefiwa na mtoto, usingizi umempotea, na kijana wa jirani amemwekea katika simu sauti inayomwongoza mtu kutafakari: keti, fumba macho, fuata pumzi yako. Alitaka kujua kama Mkristo anaruhusiwa kuitumia. Nasi, kwa haraka ya watu wenye safari, tulimjibu kwamba mambo hayo ni ya dini za mashariki, ayaache, asali. Aliitikia kwa adabu, akaenda zake. Hatukumwuliza habari za mtoto.

Makala hii inahakiki vifaa hivyo vya intaneti vinavyofundisha tafakuri na elimu ya ufahamu. Lakini hapana budi ihakiki pia jibu letu.

Vifaa vyenyewe ni vya namna mbili. Vipo vya kutenda, kama programu za simu ziitwazo Headspace, iliyoanzishwa mwaka 2010, na Calm, ya mwaka 2012. Mmoja wa waanzilishi wa Headspace, Andy Puddicombe, aliwahi kuwa mtawa wa Kibudha. Kabla yao, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu ya kudumu huko Massachusetts, Marekani, mazoezi yaliyotokana na Ubudha lakini yaliyovuliwa vazi la dini. Kwa hiyo anayesema kwamba mambo haya ni dini tupu amesema nusu. Na anayesema kwamba ni tiba tupu naye amesema nusu nyingine.

Je, yanasaidia? Mwaka 2014 watafiti walipima pamoja majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500. Waliona kwamba mazoezi hayo hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Lakini hawakuona kwamba yanapita tiba nyingine, kama vile dawa au mazoezi ya viungo. Ushahidi huo hautoshi kuyashangilia, wala hauruhusu kuyadharau. Mtu aliyekosa usingizi kwa msiba, akiketi na kupumua polepole, hajamkana Kristo. Katika hilo jibu letu lilikosea.

Namna ya pili ni vifaa vya kusomea. Kilicho bora tunachokijua ni Ensaiklopidia ya Falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyoanza kutolewa mwaka 1995 na inayosomwa bila malipo. Mwaka huohuo mwanafalsafa David Chalmers alitenganisha maswali mawili: jinsi ubongo unavyopokea na kupanga habari, na kwa nini kuwapo kwa mtu kunaambatana na kuhisi chochote. La kwanza sayansi inaliendea hatua kwa hatua. La pili bado linabishaniwa. Tunaisifu ensaiklopidia hiyo kwa kuwa huwapa wapinzani nafasi yao. Mwanafunzi wa theolojia anayehubiri habari za nafsi asiogope kuisoma.

Upungufu wake kwetu ni lugha, nao si upungufu mdogo. Kiswahili kina maneno yanayotofautisha yule aliyepoteza fahamu na kulazwa hospitali, yule anayesutwa na dhamiri, na yule anayejitambua. Luther aliposimama Worms mwaka 1521, alichokitetea kilikuwa dhamiri iliyofungwa na Neno, si utulivu wa akili. Atakayetafsiri elimu hii bila kuyatunza maneno hayo atatuletea mchanganyiko, na waumini watadhani kwamba mtu aliyetulia ni sawa na mtu aliyesamehewa.

Hapo ndipo hoja yetu kuu ilipo. Neno la Kiebrania ambalo Biblia zetu hulitafsiri kwa kutafakari katika Zaburi ya kwanza ndilo linalotumika kwa simba angurumaye juu ya mawindo katika Isaya 31, na kwa hua aliaye katika Isaya 38. Tafakuri ya Biblia ina sauti. Ni Neno linalosemwa kwa kinywa na kurudiwa mpaka lishuke moyoni. Wabenediktini wa Ndanda, wasio mbali na Nanganga, wamekaa pale tangu mwaka 1906, na msingi wa siku yao ni zaburi zinazosaliwa kwa sauti na kwa pamoja. Sauti ya simu humwelekeza mtu aisikilize pumzi yake. Zaburi humwelekeza amsikilize Mwingine.

Luther naye, katika dibaji ya mwaka 1539, alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, tafakuri na jaribu. Programu ya simu inalijua la pili kwa sehemu. La kwanza imelinyamazia, na la tatu inaliona kuwa ugonjwa wa kuondolewa, ilhali Luther aliliona kuwa shule.

Hata hivyo tusijisifu kwa kuwa na njia iliyo bora. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter Beskendorf, kitabu kidogo cha kumfundisha kusali. Alimwonyesha jinsi ya kuichukua kila amri ya Mungu na kuisuka nyuzi nne: fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Mwaka huohuo kinyozi yule alimwua mkwewe kwa kisu. Njia nzuri haikumzuia. Lakini Luther hakumwacha. Alimwombea kwa watawala, na adhabu yake ikawa kufukuzwa mjini badala ya kifo. Mchungaji alibaki pale ambapo njia ilishindwa.

Kwa kipimo hicho, kosa la sauti ile ya simu ni kwamba haimjui anayeisikiliza. Haijui kama amefiwa au amelewa; bando likiisha, imenyamaza. Lakini sisi tulikuwa pale, uso kwa uso, na hatukujua zaidi yake. Simu ilimpa dakika kumi za kuketi. Sisi tulimpa dakika mbili, tukiwa tumesimama.

Kwa hiyo tunawashauri watumishi wenzetu mambo matatu. Kwanza, mkiulizwa juu ya vifaa hivi, msihukumu kabla ya kuuliza ni maumivu gani yaliyomfanya mtu avitafute. Pili, mahali pa pumzi tupu wapeni watu Neno la kurudia: mstari mmoja wa Zaburi, kwa sauti, asubuhi na jioni, na huzuni ikizidi, wapelekeni kwa daktari bila aibu. Tatu, vyuo vyetu vifundishe tafakuri kama vinavyofundisha Kigiriki, kwa mazoezi na kwa saa iliyopangwa, maana mchungaji asiyejua kukaa kimya mwenyewe hawezi kukaa na aliyefiwa.

Kuhusu mwinjilisti wa Nanganga, tumemwandikia kuomba radhi na kumwuliza jina la mtoto wake.