Kamba Wana Kivuli, Wanigeria Wanateleza

Mwaka jana nilijaribu kumweka twiga wa kompyuta ndani ya video niliyopiga na simu kutoka balkoni ya bedsita yangu, Zimmerman. Nilikesha siku tatu. Twiga mwenyewe alikuwa fiti, lakini kamera ikisonga kidogo tu, anateleza barabarani kama mtoto mwenye soksi kwa sakafu iliyopigwa deki. Ndiyo maana nilirudi kutazama District 9, safari hii nikiangalia miguu tu.

Hiyo muvi ya Neill Blomkamp ilitoka 2009. Chombo cha anga kimening'inia juu ya Johannesburg tangu 1982, na wageni wake, wanaotusiwa kwa jina la kamba, wamefungiwa kwa mtaa wa mabati. Picha zilipigwa Chiawelo, Soweto, kamera ikitikisika mkononi kama ya mwanahabari anayekimbia. Kwa msee wa kuunganisha picha, mtikisiko huo ni balaa. Programu hufuata alama ndogo: pembe ya bati, jiwe, msumari. Kwa vile vitu vya karibu huonekana kusonga haraka kuliko vya mbali, inapiga hesabu kamera ilikuwa wapi kila wakati, kisha kamera ya ndani ya kompyuta inapitishwa njia ileile. Hesabu ikikosea kidogo, kiumbe kinaelea. Na bado hujagusa jua na kivuli.

Sasa mtazame Wikus, anayeigizwa na Sharlto Copley, akibisha milango na karatasi za kufurusha watu. Kamba mmoja anaipiga karatasi kwa hasira, naye Wikus anaihesabu hiyo kama sahihi. Unacheka, halafu unanyamaza, kwa sababu mtaani tunazijua karatasi za aina hiyo. Kicheko kinakuja kwa vile unaamini mkono umegusa karatasi. Jason Cope aliwaigiza kamba akiwa na nguo ya kijivu, Copley akapata mtu wa kumtazama, kisha Image Engine wa Vancouver wakamweka kamba mahali pake. Kazi safi. Hakuna mguu unaoteleza.

Halafu wanaingia Wanigeria. Wanawauzia kamba chakula cha paka, wanalimbikiza silaha, wanakula nyama ya kamba wakiamini itawapa nguvu. Bosi wao anaitwa Obesandjo, jina lililo karibu mno na la rais wa zamani, Olusegun Obasanjo. Serikali ya Nigeria ilitaka sinema ziache kuionyesha. Mimi sipendi muvi kupigwa marufuku, lakini malalamiko yao yalikuwa na msingi.

Christopher Johnson, ambaye ni kamba, ana mtoto na ana mpango wa kurudi kwao. Anaposimama mbele ya maiti za wenzake kwenye maabara, unamhurumia kabisa. Kati ya wale Wanigeria hakuna hata mmoja aliyepewa mtoto, mpango au huzuni. Ni watu wa nyama na damu, jua la Soweto linawapiga, na bado wao ndio wanaoelea.

Hii si kutafuta makosa madogo. Jina la muvi linakumbusha District Six, Cape Town, iliyotangazwa eneo la wazungu 1966, na zaidi ya watu 60,000 wakafurushwa. Na Mei 2008, mwaka mmoja tu kabla muvi itoke, mashambulizi dhidi ya wageni Afrika Kusini yaliua zaidi ya watu 60. Muvi inayotuomba tumwone mgeni kama mtu haiwezi kuchagua mgeni mwingine wa kweli na kumfanya zimwi.

Kuhusu twiga wangu, nimepata shida ilikuwa wapi. Alama nyingi nilizishika kwa matatu zinazopita. Alama hushikwa kwa kitu kisichosonga. Blomkamp alijua hilo kwa kila bati la Chiawelo. Wanigeria akawashika kwa umbea.