"Mfumo Utaonyesha": Sarufi ya Waraka wa Duka la Mtandaoni

"Mfumo utaonyesha bidhaa zote pamoja na picha na bei." Sentensi hii, au ndugu yake wa karibu, utaikuta katika karibu kila waraka wa mahitaji anaopewa mtengenezaji wa programu ili ajenge duka la mtandaoni. Ina kiima, ina kiarifu, na mwalimu wa sarufi hana pa kuitia wino mwekundu. Nataka kuisoma pamoja na wenzake jinsi tunavyosoma ubeti: nani anatenda, anatenda lini, na nani ameachwa nje. Sentensi ninazonukuu humu nimezitunga mwenyewe kwa mtindo wa nyaraka hizo. Duka nalo nimelibuni: la samaki, wauzaji wake wakiwa kikundi cha ufuo wa Dunga, kusini kidogo mwa katikati ya jiji la Kisumu, na wateja wakiwa Milimani, Nyalenda na Mamboleo.

Nimechagua samaki kwa makusudi. Umbo la waraka huu lilikua likiandamana na bidhaa za ghala: shati, simu, kitabu, vitu ambavyo kimoja ni sawa na cha pili na kesho vitakuwa palepale. Samaki hana tabia hizo, kwa hiyo huonyesha upesi mahali umbo linapobana.

Tuanze na kiima. Karibu kila sentensi inaongozwa na "mfumo", na pale ambapo mfumo hautoshi inaingia kauli ya kutendwa: "Bei zitasasishwa kila siku." Na nani? Kauli hii inaruhusu mtenda aachwe bila sentensi kuonekana pungufu, na mwandishi wa waraka hutumia ruhusa hiyo hadi ukingoni. Lakini Dunga bei haishuki kutoka kwenye mfumo. Inajulikana mitumbwi ikishatia nanga asubuhi, mvuvi na mama wa samaki wakishavutana, tena hubadilika kabla jua halijawa kali. Iandike upya kwa kauli ya kutenda: "Mwakilishi wa kikundi ataingiza bei ya siku kwa simu yake kabla ya saa tatu asubuhi." Maswali yanazuka papo hapo. Simu ya aina gani? Bando ananunua nani? Akiugua, nani anashika zamu? Kauli ya kutendwa ilimwepusha mwandishi na maswali yote hayo, na matokeo yake ni kwamba mtengenezaji atajenga ukurasa wa msimamizi wenye safu kumi na mbili, uliopimwa kwa skrini ya kompyuta, halafu atamkabidhi mtu ambaye mikono yake ina magamba.

Kisha njeo. Kiambishi -ta- kinabebeshwa mizigo ambayo haifanani. "Mfumo utaficha nywila za wateja" ni amri. "Mteja atapokea samaki ndani ya saa mbili" ni utabiri, na utabiri wenyewe unategemea mvua, bodaboda, na gugumaji ambalo siku nyingine hufunga Ghuba ya Winam hadi mitumbwi isipate njia. "Duka litakuza kipato cha wanachama" ni dua. Zote tatu zimepewa namba, 3.1, 3.2, 3.3, kana kwamba uzito wake ni mmoja. Wahandisi wa intaneti walishapambana na mkanganyiko kama huu. Mnamo Machi 1997 Scott Bradner aliandika RFC 2119, waraka mfupi wa kurasa chache, akatenga maneno ya lazima, ya kupendekeza na ya hiari, na akaeleza kila moja linamfunga nani kwa kiasi gani. Kwetu kazi hiyo ni nyepesi zaidi, maana dhamira tegemezi tunayo tayari: "Mfumo ufiche nywila" haiwezi kusomwa kama utabiri. Ajabu ni kwamba waandishi wa nyaraka hizi huikwepa, labda kwa sababu -ta- inasikika kiofisi zaidi.

Vivumishi nitavipita haraka. "Rahisi kutumia", "ya kisasa", "yenye mvuto": kiwango cha IEEE 830 cha mwaka 1998 kilitaja kati ya sifa za mahitaji mazuri kwamba yawe yanaweza kuthibitishwa, na hakuna anayejua kuthibitisha mvuto. Tashbihi ndiyo inayostahili kituo. Waraka wote unaweza kuwa mkavu kama omena wa debe, kisha katikati mteja anaandika: "Iwe kama Jumia." Tashbihi humwachia msomaji achague upande wa mfanano. Rangi? Kikapu? Maghala na vituo vya kuchukulia mizigo? Mtengenezaji atachagua kilicho rahisi kuigwa, yaani sura ya ukurasa, na kikundi chenye banda moja na sanduku la barafu kitapata uso wa kampuni yenye maghala. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inawazuia maafisa wa serikali kutaja chapa katika mahitaji ya zabuni, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza, na hapo lazima iongezwe kwamba kinacholingana nacho kinakubalika. Lengo la sheria ni ushindani wa haki, lakini hapohapo inamlazimisha mwandishi aseme kitu chenyewe kinafanya nini.

Sasa jedwali, ambalo wasomaji wengi huliruka. Safu zake zinafahamika: jina, maelezo, bei, uzito, idadi, ukubwa (ndogo, wastani, kubwa), picha. Jaribu kumwingiza mbuta. Kanuni za uvuvi wa ziwani zinataka mbuta avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85. Aliye chini ya hapo bado hajazaa, aliye juu ndiye mzazi. Orodha ya ukubwa iliyonakiliwa kutoka duka la mashati inaweza basi kumwalika mteja aagize kwa kitufe kimoja samaki asiyeruhusiwa kutua nchi kavu. Mwingize omena. Sokoni Kibuye anapimwa kwa gorogoro, ilhali jedwali linajua kilo peke yake. Tena serikali kwa kawaida hufunga uvuvi wake kuanzia Aprili hadi Julai. Safu ya idadi itasoma sifuri na mfumo utaandika "imeisha", neno linalomfanya mteja arudi kuchungulia kesho yake, na kesho kutwa, kwa miezi minne. Halafu mwingize mgongo wazi, mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu ya kusafirisha nje, ikakaangwa na kuuzwa Obunga kwa watu ambao mnofu wenyewe ni ghali kwao. Hana safu. Si mzima, si mnofu, uzito wake haumwambii mnunuzi lolote, na picha yake itamkimbiza mteja wa Milimani ambaye akimwonja hamwachi.

Kosa kubwa la jedwali, hata hivyo, ni hesabu liliyoificha: bei mara idadi ni sawa na jumla. Mteja anaagiza ngege wa kilo mbili. Aliyepo ana kilo moja na robo tatu. Akilipa kabla ya mizani, kuna mtu atadaiwa. Kwa hiyo duka la samaki linahitaji jumla mbili, ya makadirio na ya mizani, na ombi la malipo liende baada ya samaki kupimwa. Safu moja ikibadilika, mpangilio mzima wa matukio unabadilika, na mwandishi aliyeandika jedwali kwa kunakili hakujua kwamba ndilo lilikuwa limeshika msuko.

Safu ya anwani ina uongo wa aina yake. Inadai msimbo wa posta, na mteja anaandika 40100, ambao ni wa Kisumu. Mwenye bodaboda afanye nini na 40100? Chini yake kuna orodha ya kaunti zote 47 za kuchagua, umakini uliopelekwa mahali pasipouhitaji. Kisanduku kimoja kikubwa chenye swali "Tukifika karibu, tuulizie nini?" kingefaa kuliko safu zote sita, pamoja na namba ya simu. Hapo pia waraka useme data hizo zitafutwa lini, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimsamehi muuza samaki kwa udogo wake.

Nakuja kwenye sentensi fupi kuliko zote: "Mteja atalipa kwa M-Pesa." Huduma hiyo imekuwepo tangu Machi 2007, na mazoea yamewafanya waandishi waione haihitaji maelezo. Ni Till au Paybill? Paybill ina nafasi ya namba ya akaunti, ambamo namba ya oda inaweza kukaa. Anayelipa Till kwa mkono hana pa kuiandika, na jioni mtu ataketi kulinganisha majina na kiasi. Ombi la PIN likimfikia mteja simu ikazima? Pesa ikitoka na jibu lisilifikie duka?

Hapa ndipo ninapopima waraka, na kipimo changu ni cha kisarufi: natafuta -sipo-, -ki-, iwapo, isipokuwa. Katika nyaraka dhaifu havimo kabisa. Kila kitu kinatokea, hakuna kinachokwama. Linganisha na hii: "Mteja asipoingiza PIN ndani ya muda uliowekwa, oda ifutwe, samaki arudi kwenye orodha, na mteja atumiwe ujumbe kwamba hajakatwa pesa." Sentensi moja ina sharti, watu wawili wanaoweza kugombana, na suluhisho lililoamuliwa kabla ya ugomvi. Ningetoa kurasa tano za "mfumo utaonyesha" kwa sentensi nne za namna hiyo.

Sehemu ya "visivyohusika" huandikwa mwisho kwa uvivu, nayo mara nyingi ndiyo yenye ukweli zaidi: duka halipeleki Rusinga wala Mfangano, halipokei kadi za benki, halimrudishi samaki aliyekwisha kupaliwa magamba. Kila kanusho hapo limetoka kwa mtu aliyekaa chini akafikiri.

Kinachobaki ni ukurasa wa makabidhiano, ambao kwa desturi husema "mfumo utajaribiwa na kukubaliwa", vitenzi viwili vya kutendwa bega kwa bega. Ningeuandika hivi: "Jaribio lifanyike ufuoni Dunga, asubuhi, kwa simu ya bei nafuu ya mwanakikundi mwenyewe. Ziwekwe oda kumi. Mbili zikatizwe kwa makusudi kwenye PIN, na moja iwe ya samaki aliyezidi uzito ulioagizwa. Malipo ya mwisho yatolewe mwanakikundi akizimaliza zote bila mtengenezaji kugusa simu."