Kusoma mara tano si kukumbuka mara tano

Likizo iliyopita nilikuwa Same, nikamkuta mpwa wangu wa kidato cha tatu anapiga msuli wa Jiografia. Notisi zake zilipakwa rangi ya njano karibu kila mstari. Nikamuuliza kivuli cha mvua ni nini. Akanitiririshia maana yake kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kukwama.

"Haya, na hapa tulipo? Ni upande wa mvua au wa kivuli?"

Akacheka. "Mjomba, hiyo haipo kwenye notisi."

Na tulikuwa tumekaa kivulini humo humo! Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda Milima ya Pare, hupoa na kumwaga mvua huko juu. Ukishuka upande wa magharibi, umeshakauka. Ndiyo maana Mamba Miamba wanalima tangawizi, halafu Makanya unakutana na vumbi na mkonge.

Simlaumu kijana. Ushauri tunaopeana tangu shuleni ni ule ule: soma, pigia mstari, rudia, kesha. Kasoro yake ni kwamba ukirudia, maneno yanazoeleka, na mazoea hayo tunayaita kujua.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walilijaribu hili. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika lilichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, warudiaji waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: warudiaji 40, waliojipima 61. Mwaka 2013, John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea. Kujipima, na kutawanya masomo katika siku kadhaa, vilipata daraja la juu. Kupigia mstari na kusoma upya viliangukia la chini.

Wanaolijua hili hukimbilia SQ3R, mbinu ya Francis Robinson wa Ohio aliyoitoa kitabuni mwaka 1946: pitia juu juu, jiulize maswali, soma, sema ulichosoma bila kitabu, kisha rejea. Ni mbinu nzuri, ila jinsi tunavyoifundisha ina matatizo mawili.

Kwanza, tunaitaja kama hatua tano zenye uzito sawa. Hapana. Nguvu kubwa ipo pale unapofunga kitabu, na ndiyo hatua ambayo wengi huiruka kwa sababu inauma.

Pili, inadhani msomaji ana kitabu chake na anaielewa lugha yake. Mwanafunzi wetu wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza karibu kila somo. Ukimwambia aseme kwa maneno yake, maneno yake yapo wapi? Anarudisha ya kitabu. Mpwa wangu alifunga daftari na kusema kila kitu sawasawa, lakini maana haikuwepo.

Na tuwe wakweli hata kwa ushahidi wenyewe. Wale wa St. Louis walikuwa wanafunzi wa chuo, wakisoma vifungu vifupi. Siwezi kumwahidi mtu wa Same kwamba atapata 61. Mwelekeo wa matokeo umejirudia hata madarasani, ila kujipima kitu usichokielewa ni kukariri tu kwa jina jipya.

Basi tuirekebishe. Kitabu mnagawana? Vizuri. Soma kurasa mbili, andika maswali matatu ya "kwa nini" na "wapi", kisha mpe mwenzako kitabu. Sasa huna pa kuchungulia. Jibu kwa Kiswahili au Chasu mpaka jambo lieleweke, halafu andika kwa Kiingereza, maana mtihani utakuja hivyo. Kitabu kikirudi, sahihisha. Rudia kesho kutwa, kisha wiki ijayo.

Tulijaribu jioni ile. Swali la tatu alilitunga mwenyewe: kwa nini Wapare walijenga ndiva, yale mabwawa yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani? Alilijibu kwa kuanzia kwenye upepo wa baharini. Hilo halikuwa kwenye notisi pia.

Mbinu hii inachosha, na inakuonyesha mapema usichokijua, ndiyo maana wengi huiacha. Baada ya wiki nilimpigia simu. Alikumbuka kama nusu. Nusu nyingine ilibidi arudi kitabuni, lakini safari hii alijua ni nusu ipi.