Ice Princess: filme iliyoficha kuanguka

Juzi mdogo wangu alinikuta naangalia kwenye kompyuta filme moja ya zamani ya Disney, Ice Princess, ya mwaka 2005. Akaketi karibu yangu tukaimaliza pamoja. Kisha akaniuliza: "Yaya, mtu mwenye kuanza na ile miaka yake, anaweza kufika pale kweli?"

Nilitaka kujibu haraka, nikashindwa. Njo maana naandika.

Kwa wale ambao hawajaiona: Casey Carlyle, anayechezwa na Michelle Trachtenberg, anamaliza segondeari huko Marekani. Kwa fizike hana mwenzake. Mama yake anaota kitu kimoja tu, mtoto aingie Harvard. Ili apate bursi, Casey lazima alete kazi yake mwenyewe ya utafiti, kitu kama TFC yetu. Siku moja anaangalia kwenye televizyo patinaji, ule mchezo wa kuruka na kuzunguka juu ya barafu tunaouona kwenye Olimpiki ya baridi, na pale anaona fizike tupu. Anaenda kuwafilmu wasichana wanaojifunza, anaingiza picha kwenye kompyuta, anapiga hesabu ya kila mruko. Halafu anavaa viatu yeye mwenyewe. Mchezo unamshika mpaka Harvard anaiacha.

Nianze na uzuri wake. Ile vita ya Casey na mama yake imeandikwa kwa haki. Mama si adui. Anaogopa akili ya mtoto isipotee kwa mchezo wa nguo za kumetameta. Ni nani kati yetu hajaona uoga kama ule kwa mzazi aliyeuza shamba au mbuzi ili alipe minervali? Filme haimcheki mama, na mwisho haimfukuzi. Mi naiheshimu kwa hilo.

Lakini kwa fizike, filme inadanganya nusu. Kweli, mwenye kuzunguka akikunja mikono kifuani anazunguka haraka zaidi. Hiyo tulisoma sote. Tupige basi hesabu ambayo filme haikutuonyesha. Mtu akiruka sentimeta 40, anakaa hewani sekunde 0,57 hivi, basi. Kwa mruko wa double Axel, wenye mizunguko miwili na nusu, lazima azunguke karibu mara 4 kwa sekunde. Na akiruka mara mbili zaidi, sentimeta 80, hapati muda mara mbili: anapata sekunde 0,8 tu.

Kuna jambo lingine. Mwili mrefu wenye mabega mapana ni mgumu kuzungusha kuliko mwili wa mtoto wa miaka 8. Na mtoto akianguka, anaanguka toka karibu na chini. Kijana anaanguka toka juu, na uzito wake wote. Ile fizike inayomsaidia Casey, njo ile ile inayosema kwamba kijana anayeanza amebeba mzigo mkubwa. Filme imechukua ukurasa wa kwanza wa kitabu, ikachana wa pili.

Mtu ataniambia: na Johnny Weir? Sawa, tumuongelee. Huyu Mmarekani alimuona Oksana Baiul akishinda Olimpiki ya 1994, naye akaanza akiwa na miaka 12, umri ambao kwa mchezo huu tayari unahesabiwa kuwa kuchelewa. Mwaka 2001 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana, kisha bingwa wa Marekani mara tatu mfululizo, 2004 mpaka 2006. Ni muujiza. Lakini angalia vizuri: hata muujiza ulichukua miaka, na aliyeupata alianza na 12. Casey anaanza karibu na mwisho wa segondeari, na kabla filme haijaisha anasimama wa pili kwenye mashindano makubwa. Sikatai kwamba alikuwa amezoea kuteleza peke yake kwenye maji yaliyoganda. Hata hivyo, ile mirukoruko mikubwa tunayoiona ilifanywa na wataalamu waliowekwa mahali pa mwigizaji. Miaka yao ya kuanguka iko ndani ya picha, ila hatuonyeshwi.

Sehemu iliyoniuma zaidi ni fupi sana. Casey anaandikishwa kwenye darasa la wanaoanza, na wenzake wote ni watoto wadogo. Msichana mzima katikati ya vitoto vinavyomfika kiunoni. Filme inataka tucheke, halafu inakimbia mbele. Mi sikucheka.

Nilipomaliza lisansi, nilienda kujifunza Kiingereza kusudi niweze kutafuta kazi. Nilikuta darasa limejaa watoto wa segondeari. Siku ya kwanza mmoja, labda wa miaka 13, alinisahihisha mbele ya wote, na alikuwa na haki. Nilirudi mara chache, kisha nikaacha. Kwa watu nilisema ni makuta yaliyokosa. Haikuwa makuta. Ilikuwa haya. Mpaka leo mahali pakiomba Kiingereza, napita.

Filme ingekaa pale, kwenye lile darasa, dakika ishirini zaidi, ingekuwa filme kubwa. Kwa mwenye kuanza akiwa kijana, barafu si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni kukubali kuwa wa mwisho mbele ya watoto, leo, kesho na mwezi ujao. Casey anavuka kwa sababu ana kompyuta na hesabu. Sisi wenye diploma tunapenda sana hiyo njia ya mkato: tunafikiri akili ikishaelewa, mwili na ulimi vitafuata. Havifuati. Vinataka kurudia.

Basi mdogo wangu nilimjibu hivi: kufika pale Casey alipofika, kwa muda ule, hapana. Lakini kuna wanaoanza wakubwa na wakabaki. Wengine wanachagua dansi ya barafu, ambayo haidai ile miruko mikubwa. Na huko Oberstdorf, Ujerumani, kuna mashindano ya kimataifa ya watu wazima, wenye miaka 28 na kuendelea. Hao hawaendi kutafuta Olimpiki. Wanaenda kwa sababu wanapenda kuteleza.

Akaniangalia, akasema: "Na wewe, Kiingereza chako?"

Sikuwa na jibu. Siku ya kwanza ya juma linalokuja nitaenda kuuliza bei ya kuandikishwa. Na ninyi, ndugu zangu, ni darasa gani mliliacha sababu ya haya?