Kioo Chini ya Kichujio: Namna ya Kuihukumu Espreso Imiminikapo

Tangu mashine za mkono wa springi za Achille Gaggia wa Milano zilipoanza kuuzwa mwaka 1948, espreso imekuwa kahawa ipatikanayo kwa maji ya moto kusukumwa, kwa shinikizo la bar 9 hivi, kupenya donge la unga ulioshindiliwa; na madhali kazi hiyo hutendeka ndani ya chuma, aghalabu mtengenezaji aliihukumu kwa povu na ladha tu, mambo yamekwisha pita. Mpini ulio wazi chini, usio na ile midomo miwili inayochanganya mikondo na kusitiri kasoro, ndio unaoifichua siri. Ila kitako cha kichujio hutazama chini, na atakaye kukiona hana budi kuinama mpaka shavu likaribie meza. Kioo kidogo bapa humwondolea taabu hiyo.

Na kiwekwe nyuma ya kikombe, juu ya trei ya matone, uso wake ukielekea juu na kwako kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, kisha kirekebishwe mpaka duara lote la matundu lionekane nawe umesimama wima. Zingatia kwamba kushoto hubaki kushoto, bali upande wa kichujio ulio karibu na mashine huonekana juu kiooni, na ulio karibu nawe huonekana chini. Asiyelijua hili atasahihisha upande usio na kosa.

Sasa tazama, na utazame mapema, kwani ushahidi ulio bora hutolewa katika sekunde chache za mwanzo. Matone ya kwanza, meusi na mazito, yanapaswa kuchomoza takriban kwa pamoja kuuzunguka mduara wote, kisha yaenee kuelekea kati bila kuacha kipande kikavu, yaungane, na kuning'inia katika uzi mmoja ambao Waitalia huufananisha na mkia wa panya. Upande mmoja ukitangulia ilhali mwingine ungali mkavu, yakini unga haukusambazwa sawasawa au ulishindiliwa mshazari. Na ukiona mchirizi mwembamba, wa rangi hafifu, ukiruka pembeni hata kukichafua kioo chenyewe, basi maji yamepata upenyo katika donge: penye upenyo hunyonya kahawa kupita kiasi na kuleta uchungu, na kwingineko huipita bila kuikamua na kuacha ukali wa ndimu. Ndiyo sababu kikombe kimoja huweza kubeba aibu zote mbili kwa wakati mmoja.

Yanayofuata yanapendeza zaidi machoni, nami siyaamini sana kama yale ya mwanzo. Milia ya hudhurungi na dhahabu huvutia, na kupauka kwa uzi huarifu kwamba utamu unaisha. Lakini wingi wa povu si ithibati ya ustadi, kwa kuwa buni za robusta, kama zile za Bukoba, hutoa povu jingi kuliko arabika ya Kilimanjaro, na kahawa iliyokaangwa majuzi hutokota kwa hewa iliyomo hata ikitengenezwa vibaya. Wala kioo hakipimi uzito: gramu 18 za unga zikitoa gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30 ni kipimo chema cha kuanzia, na hilo ni la mizani na saa.

Kwa hiyo, ewe msomaji, michirizi ikijitokeza tena na tena mahali pale pale, usikimbilie kubadili kahawa wala kuisaga laini zaidi, maana unga uliosagwa laini mno huzidisha upenyo. Vunja madonge kwa sindano nyembamba, sawazisha uso wa unga, shindilia wima, futa kioo, kisha tazama upya.